Gunzi Jipya

Kyule, mfanyakazi wa chuo cha kilimo cha maua, alikata roho saa tano kasorobo asubuhi, Jumanne tarehe 13 Agosti 2002, akiwa amelazwa juu ya magunia nyuma ya pikapu ya chuo. Gari lilikuwa halijafika hata kwenye lami ya kwenda Isinya. Wenzake wawili walifikishwa hospitalini povu likiwatoka. Saa nne kamili wote watatu walikuwa wazima kabisa, wameketi nje ya jiko la wafanyakazi, wakinywa chai na kumtania mpishi.

Sajini Mutindi wa upelelezi aliwasili kutoka Kitengela saa sita, akakuta mtuhumiwa ameshapatikana. Resian, mama aliyeleta maziwa chuoni kila siku, alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi, mtoto wake wa miezi minne, Naisenya, kifuani. Wanafunzi wapatao mia walimzunguka. Mmoja alishika jiwe.

"Takwenya," Mutindi alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Resian aliitikia kwa sauti ndogo. "Afande, wanasema saa nane napelekwa rumande Kajiado. Huyu mtoto hajui chupa."

"Uliweka nini kwa maziwa?"

"Maziwa."

Ndolo, afisa wa usalama wa chuo, alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni. Alimpa Mutindi mkono, kisha akamwonyesha ubao wa matangazo. Juu palikuwa na namba kubwa za chaki: SIKU 500 BILA AJALI. Chini yake palibandikwa karatasi ya Habari za Usalama, ambayo Ndolo aliipiga taipu mwenyewe kila palipotokea jambo. Hii ya leo iliwaonya wote: maziwa ya kibuyu yana sumu, yasinywewe. Chini kabisa, kama ilivyokuwa desturi yake, alikuwa ameandika saa: 4.30 asubuhi.

"Mimi huandika mpaka dakika, dada," alisema kwa fahari. "Usalama ni kumbukumbu."

Mutindi alinakili saa hiyo katika daftari lake, akaenda jikoni.

Kathini, mpishi, alikuwa ameketi kando ya jiko lililozimika, macho mekundu.

"Nani mwingine alikunywa maziwa ya Resian leo?"

"Mimi. Kikombe kizima, saa tatu, hata kabla ya kuchemsha."

"Na bado uko hapa."

"Labda mimi ni mchawi," Kathini alisema, lakini hakucheka.

"Chai yao ulipikaje?"

"Hao wawili ya maziwa. Kyule strungi, bila maziwa, kwa sufuria yake. Maziwa yalikuwa yanamsumbua tumbo. Miaka sita nampikia strungi, tukimwita Mzungu Mweusi."

Mutindi alifungua tena daftari lake. Aliyekufa hakugusa tone la maziwa, na tangu asubuhi hakuna aliyeuliza kikombe chake kilikuwa na nini.

"Saa nne na nusu ulikuwa umemwambia nani habari ya maziwa?"

"Nani? Nilikuwa nimeshika kichwa cha Kyule. Watu walikuwa wanasema ni jua. Huyo mama walienda kumshika baada ya kusoma karatasi."

"Maji ulitoa wapi?"

Bomba lilikuwa limekauka tangu Jumapili. Kathini alimfungulia stoo. Mitungi mitano ya manjano ya lita ishirini ilikuwa imejipanga ukutani, imejazwa na mwenye punda alfajiri. Kama kote pande hizo, vifuniko vilipotea zamani, na kila mtungi ulizibwa kwa gunzi la mahindi. Magunzi manne yalikuwa meusi, laini kwa kushikwashikwa. La tano lilikuwa jeupe. Mtungi wake ulikuwa umepungua.

"Hili umeliweka wewe?"

Kathini alilitazama. "Hapana. Huu mtungi sikuuona jana mchana, kabla stoo haijafungwa. Leo asubuhi ulikuwa umerudi, mwenye punda akaujaza."

Mutindi alilichomoa kwa leso, akalinusa kwa mbali. Harufu ya dawa ya kunyunyizia maua ilimpanda puani.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mimi na Ndolo. Jana alisema wageni kutoka Nairobi wanakuja kukagua, nisifungue mpaka waondoke."

Saa saba na nusu, Mutindi aliwaita Ndolo, Kathini na Resian ofisini. Mezani paliwekwa gunzi jeupe juu ya leso, na kando yake kikombe cha maji.

"Bwana Ndolo, umesema sumu ilikuwa kwa maziwa. Basi maji ni salama. Kunywa."

Ndolo alitazama gunzi, kisha kikombe. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Sina kiu, dada."

"Kidogo tu."

"Nimesema siwezi."

Mutindi alichukua kikombe, akanywa yote mpaka chini. Kathini alishika kinywa.

"Haya ni ya chupa yangu, nimeyabeba kutoka nyumbani Kitengela," Mutindi alisema. "Sasa nieleze ya mtungi."

Ndolo aliketi bila kuambiwa, akaeleza. Pipa la dawa ya zamani, iliyopigwa marufuku, lilikuwa likivuja katika nyumba ya maua. Wakaguzi wangeliona, na namba ubaoni ingerudi sifuri. Alimimina dawa kwenye mtungi wa jikoni, akauficha hapo hapo stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Wageni walipoondoka aliimwaga shimoni, akausuuza mara mbili na kuuziba kwa gunzi la hindi alilokuwa akila.

"Nilisuuza mara mbili," alirudia. "Sikutaka mtu afe."

"Walipoanguka ulijua ni dawa gani?"

Ndolo alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Daktari ameniambia kwa simu, dawa hiyo ina kiuasumu, sindano ya kuizima. Hao wawili wamepewa sasa hivi, baada ya mimi kumtajia harufu. Saa nne na nusu Kyule alikuwa anapumua. Ungesema jina moja tu. Wewe ukaketi kupiga taipu."

Pingu zilifungwa saa nane kasoro dakika tano. Nje wanafunzi walipisha njia, na yule mwenye jiwe alikuwa amelificha nyuma ya mgongo, hajui aliweke wapi.

Resian alimfunga mtoto mgongoni, akaokota kibuyu chake.

"Na maziwa ya kesho nitapelekea nani? Wote wamesoma ile karatasi."

Kathini alifika ubaoni, akafuta zile namba kwa upindo wa aproni yake.

"Leta kwangu saa tatu, mama Naisenya," alisema. "Nitayanywa hapa nje, wote wakiona."