Vigingi vya Barabara ya Lori

Kila asubuhi kabla ya shule, Bertilla alikwenda kisimani na bibi yake, Albina. Walipita njia ya miguu iliyokatiza katikati ya kijiji chetu kipya cha ujamaa, karibu na Chala. Ndiyo njia ya wagonjwa waendao zahanati, na ya Clemens, mwuza samaki aliyesukuma baiskeli yake kutoka Wampembe.

Siku hiyo walikuta vigingi vimepigwa njiani. Bwana Mbonile, mpima ardhi kutoka Sumbawanga, alikuwa akipanga barabara pana ya lori, yenye mtaro kila upande.

"Shikamoo, baba," Bertilla alisema. "Bibi atavukaje mtaro?"

"Marahaba. Atazungukia kule ghalani."

Clemens, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, akacheka. "Lori lenyewe linakuja mara moja kwa mwezi! Hivyo vijiti mtakuta vimetembea."

Jioni Bertilla aling'oa vigingi vyote tisa. Huku Ufipa miti ni haba, kuni hufuatwa mbali. Akavitia jikoni, vikaivisha ugali wa ulezi.

"Kuni nzuri hizi umezitoa wapi?" mama yake, Rozina, aliuliza.

"Nimeokota, mama."

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji, mzee Wilibrodi, alimkamata Clemens mbele ya watu. "Ulisema mwenyewe vitatembea! Baiskeli itabaki ofisini mpaka vigingi vipatikane."

"Mzee, nina watoto wanaoitegemea hiyo baiskeli! Ulimi wangu mrefu, lakini mikono haikugusa kitu."

Bertilla alikuwa nyuma ya watu, akisikia yote. Nani angevipata, na vimekwisha kuwa majivu? Akajipenyeza mbele.

"Shikamoo, mwenyekiti. Ni mimi. Nimevipikia."

"Umevipikia nini?"

"Ugali."

Rozina akafanya ishara ya msalaba. "Yesu wangu! Kumbe jana tumekula barabara ya serikali."

Watu wakaangua kicheko. Clemens akarudishiwa baiskeli yake.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" Bwana Mbonile akauliza.

"Nilikuuliza habari ya bibi, ukasema azunguke."

Siku iliyofuata Bwana Mbonile alikaa kwenye jiwe kando ya njia tangu alfajiri hadi adhuhuri. Aliona wenye ndoo kichwani, mgonjwa kwenye machela, wanafunzi, baiskeli sita. Lori hakuliona. Akaomba mkutano, wakakubaliana: lori liishie ghalani, nje ya makazi, na njia ya kisimani ibaki ya miguu na baiskeli, bila mtaro.

Bertilla naye alipewa adhabu. Jumamosi alitembea nusu siku kutafuta miti, akachonga vigingi tisa vipya vya barabara ya ghalani.

Alipovitua, mama yake alimkalisha chini. "Bwana Mbonile amejifunza kutazama watu kabla ya kupima. Na wewe jifunze lako. Ulikuwa na neno la haki, ukalifanyia wizi na uongo, nusura Clemens aumie. Siku nyingine lisimamie mkutanoni. Wakikataa, lirudie, hata ukiwa mdogo kuliko wote. Mungu anakusikia, na watu nao watasikia."