Mikebe Iliyoshiba

Kikoneni, mtu akitaka nazi nzuri ya kukuna humwita Mishi. Huishika, huitikisa sikioni, husikiliza maji, kisha husema, "Hii," au huiweka kando. Hakosei. Miaka hiyo ya mwanzo ya Uhuru, mikono yake iliaminiwa kuliko mizani ya sokoni.

Basi duka kubwa la bei rahisi lilipofunguliwa Msambweni, wanawake walikwenda naye. Mishi alikuwa na shughuli. Mjukuu wake mchanga alikaribia kutimiza siku arubaini, na mtaa mzima ungekula kwake. Mle dukani, pembeni, palikuwa na fungu la mikebe ya samaki, rahisi kuliko vyote. Mishi akachagua kwa desturi yake. Akaupima mkebe mkononi, akautikisa, akautazama tumbo. Iliyo bapa akaiacha. Iliyotuna juu na chini akaitia kikapuni.

"Hii imeshiba," alisema. "Huo wako, Kache, umenyong'onyea kama mgonjwa. Rudisha."

Kache, jirani yake, akacheka, akabadilisha. Wengine nao wakafuata.

Asubuhi, siku moja kabla ya shughuli, alipita Chirau, bwana afya wa tarafa, kumtazama mtoto. Alimwamkia Mishi shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mara macho yake yakaangukia mikebe iliyopangwa jikoni. Akabonyeza mmoja kwa kidole gumba. Bati likaingia ndani, kisha likarudi.

"Mama Sefu," alimwita Mishi kwa jina la mwanawe, "hii umeipata wapi?"

"Nimeichagua mwenyewe. Tazama ilivyojaa."

"Imejaa, lakini si samaki. Imejaa hewa. Mna vijidudu humu, vimetangulia kula, na hewa yao ndiyo iliyolivimbisha bati."

Mishi alisema ataichemsha sana, atie ukwaju na pilipili. Chirau akakataa. Alimweleza kwamba sumu hiyo huenda isinuke wala isiwashe ulimi, na kuonja kidogo tu kwaweza kumwua mtu. Mkebe uliotuna, unaovuja, ulioliwa na kutu, au unaofoka ukifunguliwa, usionjwe. Hata kuku asipewe. Mkebe mzima pande zake za juu na chini ni bapa, au zimeingia ndani kidogo, na ukizibonyeza hazichezi.

Mishi akabonyeza mkebe mwingine, nao ukacheza.

"Ule niliomwambia Kache arudishe," alisema, "ndio uliokuwa mzima?"

"Huenda ndio, mama."

Mishi akajifunga leso kiunoni, akatoka. Alianza kwa Kache, kwa kuwa Kache hupika mapema. Alimkuta mekoni, mkebe umefunguliwa, mchuzi unatokota. Kache amekwisha kujimiminia kiganjani ili aonje, kama wapishi wote wa kwetu. Mishi akaupiga mkono ule, mchuzi ukamwagika chini.

"Mama Sefu, una wazimu?"

"Nilikuchagulia sumu, shoga yangu. Usilambe. Nawa kwa sabuni."

Kache aliutazama mchuzi chini, kisha wanawe waliokuwa wakingoja chakula uani. Alinawa, chungu wakakifunika na kukiweka mbali, naye akafuatana na Mishi.

Walikwenda nyumba kwa nyumba wakikusanya. Kwa Mbeyu walipokewa kwa kejeli.

"Jana ulisema imeshiba. Leo imepata mimba?"

"Nicheke, Mbeyu," alisema Mishi, "lakini nipe mkebe."

Akapewa.

Adhuhuri walikuwa Msambweni pamoja na Chirau. Mwenye duka alisema kilichouzwa hakirudi. Mishi akaketi mlangoni, na wenzake wakaketi pande zote mbili, wateja wakawa hawana pa kupita.

"Hatukuja kurudishiwa," alisema. "Tumekuja kuona fungu lile likiondoka."

Chirau akalikagua fungu, mkebe kwa mkebe, akaamuru mibovu yote itolewe. Ikafukiwa katika shimo refu nyuma ya duka, pamoja na ile ya Kikoneni na chungu cha Kache. Wanawake hawakuondoka mpaka udongo ukasawazishwa.

Kesho yake mtaa ulikula wali wa nazi na pojo. Nazi alichagua Mishi. Watu walikula wakashiba, na hakuna aliyeugua. Mtoto alipitishwa mikononi mwa wageni mpaka akalala.

Baada ya muda walirudi dukani. Mishi alichukua mkebe, na kwa mazoea mkono ukapanda sikioni. Akaushusha. Akaugeuza kutafuta kutu, akabonyeza juu, akabonyeza chini. Bati halikucheza.

"Huu," alimwambia Kache.

Kache aliupokea, akaubonyeza mwenyewe kwanza, ndipo akautia kikapuni. Mishi akamwangalia, akafurahi.