Maji kwenye Magurudumu ya Baba

Mtaa wetu uko chini ya mteremko mrefu. Kila jioni tulijua kwa sauti kwamba baba yake Kitinda amerudi. Mlango wa gari, kisha ndoo, kisha maji: shaa! Alikuwa anayamwagia magurudumu ya mbele, na mvuke unapanda.

"Mtu akitoka safari si hunawa miguu?" alituambia. "Basi na gari nalo linawe."

Watoto wake walicheka. Sisi majirani tulicheka pia.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ugonjwa haukumpa muda. Tulimzika, watu wakatawanyika, gari likabaki uani.

Mkewe hushona sare za shule. Alijifunza kuendesha, akawa anazipeleka mwenyewe. Akirudi jioni, alimkuta Kitinda, mtoto wake wa mwisho, miaka saba, ameshajaza ndoo. Shaa! Nani angemkataza? Mwenye ndoo amekwenda, ndoo imebaki.

Lakini gari lilikuwa na shida. Ukikanyaga breki polepole, lilitulia. Ukikanyaga kwa nguvu, usukani ulitetemeka mpaka viwiko vikacheza.

Mtaani maneno hayakosekani. Shangazi yake Kitinda, dada wa marehemu, alikuja na lake.

"Wifi, liuze hili gari. Marehemu hataki liendeshwe."

"Wifi, kaka yako alikuwa akinipa hata kijiko chake cha mwisho. Leo aninyime gari?"

Shangazi akacheka, kisha akalia. Siku hizo kicheko na kilio vilitokea mlango mmoja.

Asubuhi moja mama na Kitinda walikuwa wanashuka mteremko, wakirudi kutoka kupeleka sare. Mzee mmoja akaingia barabarani na baiskeli yake, bila kutazama. Mama alikanyaga breki kwa nguvu zote. Usukani ukatetemeka vibaya. Mama akaogopa, akainua mguu. Gari likaendelea! Akakanyaga tena. Lilisimama baiskeli ikiwa imeshalala chini ya bampa. Mzee alikuwa amerukia pembeni, goti linatoka damu.

"Ungeniua, mwanangu," alisema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mama alifungua mlango ashuke kumsaidia. Ndipo Kitinda aliponong'ona kutoka kiti cha nyuma:

"Mama, umemhisi? Ni mikono ya baba."

Kesho yake mama alichukua ufunguo aende kwa fundi. Kitinda akasimama mbele ya gari, mikono ameitandaza.

"Fundi atamtoa baba!"

Mama hakumgombeza. Alichuchumaa, akamfunga kifungo cha gauni. "Twende wote. Utaangalia mwenyewe."

Fundi wetu tunamwita Taratibu, kwa sababu hata chai huinywa kama anaipima. Aliliendesha gari kwanza, kisha akarudi na maswali.

"Mama Kitinda, linapotetemeka, unasikia wapi? Kwenye usukani au kwenye kiti?"

"Usukani."

"Basi naanza mbele. Kingekuwa kiti, ningeanza nyuma."

Akainua gari kwa jeki, akaweka vigingi vya chuma chini yake lisianguke. Alitikisa magurudumu kuona kama maungio yamelegea. Yalikuwa mazima. Akafungua gurudumu.

"Sogea, binti. Sahani hii ya chuma ndiyo diski. Inazunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, hivi vipande viwili, pedi, vinaibana isimame. Sasa tazama mshale wa kipimo hiki nilichokigusisha kwenye diski."

Akaizungusha diski polepole. Mshale ulipanda, ukashuka, ukapanda.

"Unatetemeka," Kitinda alisema.

"Ndiyo. Diski haiko sawa. Pedi zinaibana huku zinarukaruka, na ule mruko unapanda mpaka mikononi mwa mama."

"Nini kimeiharibu?" mama aliuliza.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. Aliifuta muda mrefu.

"Mnaposhuka mteremko mnatumia breki sana. Diski zinafika chini zimeiva kwa moto. Mkizimwagia maji baridi, chuma kinashtuka. Glasi ya moto ingepasuka. Diski hujikunja, kidogo kidogo, mpaka ikatae kabisa."

Kitinda alitazama viganja vyake. "Ni mimi?"

"Si wewe. Na baba yako hakujua." Fundi akashusha sauti. "Mimi nilijua. Nilipita pale jioni nyingi, mkoba wa spana begani. Niliona haya kumkosoa mtu mzima mbele ya wanawe. Kila siku nikasema, kesho."

Akainamia diski tena.

Alipima unene wa diski. Zilikuwa nyembamba kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe. "Zingekuwa nene ningezichonga zinyooke. Hizi ni za kubadilisha, zote mbili za mbele, na pedi mpya." Alisugua kutu mahali diski inapokaa, akaweka mpya, akafunga nati za gurudumu kwa kuvuka: moja hapa, nyingine ng'ambo yake, zibane sawasawa.

"Wiki ya kwanza, breki za upole, zizoeane na pedi. Na maji, gari likishapoa tu."

Wiki ilipopita, mama alisimamisha gari juu ya mteremko, Kitinda akiwa kiti cha nyuma. Alitazama kioo. Nyuma hakuna mtu, mbele hakuna mtu. Aliliondoa gari, kisha akakanyaga breki kwa nguvu. Gari lilisimama palepale, limenyooka. Usukani ulikuwa kimya.

"Tena, mama."

Akarudia. Kimya.

Kitinda aliegemea kiti. "Hayupo," alisema.

Mama aliweka paji la uso kwenye usukani.

Jioni Kitinda alijaza ndoo kama kawaida, ila hakumwaga. Aliketi kizingitini karibu na mama yake, wakasubiri magurudumu yapoe. Shangazi akaja na kigoda. Mimi nikaja, na jirani mwingine, na fundi naye akapita na mkoba wake. Safari hii hakupita tu. Kila mtu alimkumbuka marehemu kwa lake, mpaka ua ukajaa.

"Yamepoa?" Kitinda aliuliza.

Mama akasogeza kiganja karibu na gurudumu, bila kuligusa. "Bado, mwanangu. Endelea kusubiri."

Akasubiri. Alipomwaga, hapakuwa na shaa wala mvuke. Maji yalishuka tu, yakaingia ardhini.