Mchezaji Asiyevua Jezi

Jumamosi ya kwanza tangu ahamishie kazi kwa mama yake, binti wa Mama Jezi alisimamisha cherehani katikati ya mshono akauliza nani amejipaka dawa ya kuchua misuli. Mama Jezi alinusa naye. Harufu ilikuwepo kweli, ile kali ya wachezaji, na ndani walikuwemo wao wawili tu, saa kumi alasiri, jua likiwaka nje kama kawaida.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha kubadilishia nguo cha timu ya Mwiba, enzi mji huo mdogo ulipokuwa na timu. Mama Jezi aliwafulia miaka kumi na tisa, na timu ilipokufa, uongozi ukamwachia chumba kiwe chake. Sheria moja pale Mwiba hata kocha hakuthubutu kuivunja, nayo ilikuwa ya kwake: mechi ikiisha anasimama mlangoni na beseni, na mtu hatoki mpaka avue jezi aitumbukize. Umefunga mabao matatu? Hongera, baba, vua. Siku timu ilipovunjika wachezaji walikimbia na jezi zao, naye akazifuata nyumba kwa nyumba mpaka zikatimia kumi na moja.

Baada ya harufu zikaja njumu, mlio tu bila mtu. Kila Jumamosi saa kumi zilipiga sakafu ya saruji, ka, ka, ka, zikaelekea kwenye kiti cha binti, na miguu yake ikaanza kurusha mateke chini ya cherehani, mwenyewe akiitazama na kulia. Dakika tisini. Ilipotulia ilikuwa imejaa tope hadi magotini, kiangazi kikavu namna ile, na imekufa ganzi. Mara ya kwanza ganzi ilidumu hadi Jumapili, ya pili hadi Jumanne, ya tatu hadi Ijumaa. Fundi cherehani asiye na miguu ni fundi gani? Mama Jezi aliona wazi kwamba safari ijayo miguu ya mwanawe haitarudi.

Mganga aliyeitwa hakumaliza hata kuvua viatu. Alishauri wahame. Mama Jezi akamwambia atangulie yeye, kisha akaenda moja kwa moja kwa katibu wa zamani wa Mwiba, mzee ambaye miaka yote hiyo alikuwa akimkwepa barabarani.

Katibu alipiga chenga mbili tatu, mwishowe akatoboa siri. Msimu timu ilipokaribia kushuka daraja, kamati ilikwenda mbali kuomba jini. Wakamwandika kwenye daftari la wachezaji, namba kumi na mbili, wakamtundikia na jezi yake ukutani usiku; asubuhi haikuwepo. Walishinda misimu miwili. Kisha jini akaanza kutaka miguu ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, na timu ikatawanyika kwa siku moja.

"Mlimwambia timu imevunjika?" Mama Jezi aliuliza.

"Nani angemwambia, dada? Tulidhani atajiendea."

"Na jezi yake nani aliichukua?"

"Hakuna," alisema katibu. Hapo ndipo hofu ya Mama Jezi ilipogeuka hasira. Mtu afue miaka kumi na tisa, halafu wamwachie chumbani mchezaji ambaye hajavua, na wasimwambie!

Jumamosi ilipofika alifungua mlango wazi, akashika beseni lake akangoja, na saa kumi harufu ikaja, zikaja njumu, zikapita karibu yake hata akahisi joto la mwili uliotoka kukimbia, na miguu ya binti ikaruka, na shingo ya binti ikajipinda polepole kumwelekea mama yake, na macho yaliyomtazama hayakuwa ya mtoto aliyemzaa, wala Mama Jezi hakurudi nyuma.

"Vua," alisema.

Kinywa cha binti kikatoa sauti nzito, inayohema. "Mechi haijaisha."

"Imeisha. Kocha amekufa na uwanja umekuwa soko. Vua jezi ya watu."

"Bila mimi msingeshinda kitu."

"Najua. Na wafungaji wote walivua. Wewe ni nani usivue?"

Kisha beseni likazama mikononi mwake kwa uzito wa ghafla: jezi namba kumi na mbili, imelowa, ina joto. Njumu zikamzunguka, zikavuka kizingiti, naye akafunga mlango kwa komeo. Jioni ileile binti alisimama akajichotea maji.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi, mtu alibisha hodi. Sauti ilikuwa ileile, ila ya upole. Binti akaondoa mguu kwenye pedeli. Hodi ikapigwa mara tatu, na mwenye adabu akikosa jibu mara tatu huondoka. Ikapigwa ya nne.

Mama Jezi alivuta kiti hadi mlangoni, akakaa akiegemeza mgongo kwenye mbao.

"Shona, mwanangu," alisema. Kisha akapaza sauti, imfikie aliye nje. "Na wewe bisha mpaka uchoke. Karibu yako haipo."

Nyuma yake cherehani ikaanza tena.