Abiria wa Nne

Kadi za kupandia ndege zilitoka nne. Karani wa kiwanja alizipanga mezani kama karata, akatabasamu. "Safari njema. Wote wanne mmeshaingia."

Mama Kifungo akazihesabu. Tangu jana yake alikuwa ameandaa uongo na kuupiga pasi hadi ukanyooka: wifi yangu ameugua ghafla, tumbo, hawezi hata kusimama. Sasa haukuhitajika. Akazikusanya kadi na kuondoka mezani kabla karani hajainua macho tena.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na majirani walimpachika jina la Mama Nusu Bei, kwa sababu kitu kisichopunguzwa bei hakikuwahi kumwingia machoni. Ndege aliziogopa kuliko nyoka. Lakini siku alipoliona lile tangazo kwenye simu, woga ulikaa pembeni: ndege kwenda na kurudi, nyumba ya ufukweni kisiwani, siku tano, watu wanne kwa bei ya wawili. Kasoro ilikuwa moja tu. Wao walikuwa watatu: yeye, mumewe, na binti yao wa miaka sita waliyemwita Kifungo, maana alikulia chini ya cherehani akichezea vifungo.

"Mke wangu," mumewe alisema, naye ni mwalimu wa hesabu, "huyo wa nne anatoka wapi?"

"Anatoka kwenye vidole vyangu," akajibu, akaanza kuandika. Hakutaka kutumia jina la mtu anayemjua, asije akamletea nuksi. Basi akalishona jina kutoka vipande, kichwa cha huku na mkia wa kule, mpaka likawa jina ambalo hajawahi kulisikia kwa binadamu yeyote. Jinsia: mwanamke. Umri: akaweka wa kwake. Kiti: karibu na mimi, ili apate pa kuweka mkoba.

Ndani ya ndege Kifungo na baba yake walikaa upande mmoja wa ujia, Mama Kifungo upande wa pili, na kiti cha dirishani kulia kwake kilikuwa kitupu. Mkanda wake, hata hivyo, ulikuwa umefungwa na kukazwa. Injini zilipoanza kunguruma alifumba macho kama kawaida yake, akapapasa, akaukamata mkono.

"Nishike vizuri, mume wangu. Usiniachie."

Mkono ukamshika vizuri. Ulikuwa mkavu na wa baridi, na palikuwa na harufu ya marashi ya waridi na nywele zilizoungua. Ndege ilipotulia hewani alifumbua macho. Mumewe alikuwa ng'ambo ya ujia, mikono yake yote miwili ikimfunga Kifungo kiatu. Aliyemshika alikuwa amemshika kutoka kulia.

Akaunyakua mkono wake, akaufuta kwenye gauni. Mhudumu akapita, akaweka glasi mbili za juisi mbele yao. "Hii ya kwako, dada, na hii ya ndugu yako," akasema, akaendelea na safari yake. Hakuna aliyeigusa ile ya pili, na walipokaribia kutua ilikuwa tupu.

Kisiwani nyumba ilikuwa nzuri kama picha zilivyosema. Bahari pande zote, na hakuna ndege ya kuondoka mpaka siku ya tano. Mtunza nyumba, bibi mmoja mwenye rundo la funguo kiunoni, aliwapokea, akahesabu kwa jicho, akaweka sahani nne.

"Bibi, tuko watatu," Mama Kifungo akamwambia kwa upole.

Bibi akatazama mlangoni, nyuma yao. "Haya, mwanangu," akasema, na hakuiondoa sahani.

Siku ya pili kitanda cha nne kilikutwa kimelaliwa, na shuka lina joto. Mwalimu wa hesabu aliwahesabu watu ufukweni mara tatu akapata wanne, akacheka kidogo, akalaumu jua. Kesho yake hakuhesabu tena. Gauni la maua la Mama Kifungo lilitoweka kambani. Na adhuhuri moja, nyumba kimya, alimsikia Kifungo akiongea peke yake chumbani.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na shangazi." Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa akipanga vifungo mstari mmoja kwenye sakafu. "Anajifunza kucheka kama wewe. Bado anakosea."

"Shangazi gani?"

"Wa kwenye ndege. Amesema tukifika nyumbani atakuwa ananisuka yeye."

Mama Kifungo akamnyanyua binti yake akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Nyumba yenye milango sita, na hakuna hata mmoja uliompeleka popote ila majini. Akamtoa mtoto mpaka jikoni, akamkalisha juu ya meza alipoweza kumwona, akamweleza bibi kila kitu kwa sauti ya chini, machozi yakimdondoka.

Bibi alisikiliza huku akimenya viazi. "Jini huyo hakukuvamia," akanong'ona. "Uliandika jina lisilo na mwenyewe, ukalilipia na kiti. Wao hutafuta majina ya namna hiyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe hashiki."

"Nifanye nini, bibi? Namtaka mwanangu arudi nyumbani salama, sisi watatu, basi."

"Usimfute. Akishakikalia kiti, ukimtoa atakalia cha mwenzie. Ziacheni tiketi zote nne, msizitumie kabisa. Nunueni tatu mpya, kwa majina matatu ya kweli. Yeye abaki hapa hapa na tiketi yake."

"Tatu mpya?" Mama Kifungo akafuta machozi. "Kwa bei kamili?"

"Kwa bei kamili, mwanangu."

Alikubali kwa kichwa. Moyo haukukubali. Alasiri hiyo, akiwa na simu mkononi, bei ya tiketi mpya ikimtoa jasho, aliona chini kabisa ya ukurasa maneno madogo: *Futa abiria mmoja. Bila malipo.* Bila malipo! Akafikiri, kizee cha watu kinajua nini kuhusu tiketi? Akalitafuta lile jina la kushona, akaligusa kwa kidole, likatoka.

Papo hapo ile harufu ya waridi na nywele zilizoungua, iliyowafuata tangu ndegeni, ikakatika. Kitanda cha nne kilikuwa baridi. Jioni walikula sahani tatu, mumewe akacheka, Kifungo akalala mapema, na Mama Nusu Bei akajisifu kimoyomoyo kwamba hata majini yana ofa zake.

Siku ya tano, kiwanjani, aliwaacha mumewe na Kifungo kwenye benchi, akaenda msalani kunawa uso. Aliporudi benchi lilikuwa tupu. Akakimbilia mezani.

"Familia yangu imeingia? Baba na mtoto wa kike."

Karani akaangalia orodha. "Wameingia. Baba, mama, mtoto. Watatu."

"Mama ni mimi!"

"Mama ameshapita, dada. Nimemwona mwenyewe, ana gauni la maua."

Akaitoa pasipoti, akaifungua ili amwoneshe, na picha ilikuwa yake, macho yake, kovu lake la sindano kidevuni, lakini jina lililoandikwa chini ya picha lilikuwa lile alilolishona mwenyewe, kichwa cha huku na mkia wa kule, na alipofungua kinywa kusema jina lake la kweli, lile aliloitwa na mama yake na akaolewa nalo, alilitafuta na hakulipata.

"Jina hili limefutwa," karani akasema, akiinama tena kwenye kazi yake. "Na hakuna ndege nyingine wiki hii."

Akajibwaga kwenye kioo, akakipiga kwa viganja. Nje, juani, mumewe alikuwa akielekea kwenye ngazi za ndege, amemshika mkono mwanamke mwenye gauni la maua. Mwanamke yule alicheka, na kicheko kilipenya kwenye kioo, na safari hii hakikukosewa hata kidogo. Mumewe hakugeuka.

Kifungo aligeuka. Alimwona mama yake pale kiooni, akasimama, akamtazama kwa muda kama anayejaribu kukumbuka. Kisha akainua mkono wake mdogo, akapunga kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwaaga wageni.

"Kwaheri, shangazi!"