Pazia la Tunu na Jua la Alasiri

Sogeeni. Sogeeni tena kidogo. Kuna dirisha nataka mlione.

Dirisha hili ni la chumba kipya cha Tunu. Ni kubwa kama mlango! Humo wanalala Mama, Tunu, na mdogo wake Makame, ambaye hata meno hajaota.

Kila alasiri, Makame akilazwa tu, jua linakuja. Halipigi hodi. Halisemi samahani. Linaingia, mwaaa! Mpaka machoni mwa Makame.

"Ngaa! Ngaa!" Makame analia. Mama anambeba, huku mwenyewe anayumba kwa usingizi.

Tunu anashika kiuno.
"Si haki, jua! Si haki hata kidogo!"

Jua halijibu. Linawaka tu.

Siku moja Tunu akasema, "Mama, tununue pazia."

"Mapazia ya dukani bei kali, mwanangu. Hatuyawezi."

"Basi tushone!"

"Kwa kitambaa gani?"

Tunu akafikiri. Akafikiri tena. Kisha, huyoo! Akatoka mbio mpaka barazani kwa jirani yao, Fundi Haji.

Tiki-tiki-tiki! Cherehani ya Fundi ilikuwa inaimba. Chini yake palikuwa na mfuko mnene.

"Shikamoo, Fundi. Mfuko ule una nini?"

"Marahaba, bibie. Vipande tu. Masalio ya nguo za watu. Najazia mito."

Tunu akachungulia. Lo! Nyekundu! Kijani! Maua! Nyota! Samaki wa bluu!

Akashika kiuno.
"Fundi, mto una macho?"

"Hauna."

"Sasa rangi zote hizi za nini kwa mto? Unazifungia gizani! Si haki, Fundi! Si haki hata kidogo!"

Cherehani ikanyamaza. Fundi Haji akakuna kipara.
"Wallahi umesema kweli. Chukua mfuko wako."

Njiani, Tunu akachomoa kipande kimoja. Kilikuwa kirefu, chekundu, chenye nyota za manjano. Akakitia mfukoni mwa gauni lake.
"Hiki cha mwanasesere wangu. Nitamshonea gauni."

Mama akapima dirisha kwa kamba. Yeye alishika juu, Tunu akashika chini. Wakapiga fundo.

Wakapanga vipande mkekani, ubavu kwa ubavu. Wakalaza kamba juu yake. Sawasawa kabisa!

Chomo, vuta. Chomo, vuta. Sindano ya Mama ilitembea siku tatu. Juu akakunja upindo mpana, wa kupitishia kamba.

Fundi Haji akaja na nyundo. Ko! Ko! Ko! Msumari huku, msumari kule. Pazia likapanda.

Tunu akabana pumzi.

Mama yangu! Pazia fupi! Chini kumebaki uwazi, mrefu na mwembamba.

Jua likaja. Likainama. Likapenya pale pale. Mpaka machoni mwa Makame.
"Ngaa! Ngaa!"

"Lakini tulipima!" Tunu akapiga mguu chini.

Fundi Haji akacheka. "Hamkuhesabu mishono. Kila mshono unakula kitambaa, kidogo hapa, kidogo pale. Mimi nilipoanza kazi nilimshonea mtu suruali, ikaishia magotini!"

Mama hakucheka. Akaukung'uta mfuko. Kikadondoka kipande cha uzi. Basi.

Akakaa mkekani. Macho yake yalikuwa mekundu.

Tunu akaingiza mkono mfukoni mwa gauni. Kile kipande kilikuwa laini. Laini sana.

Akamtazama mwanasesere. Akamtazama Makame. Akamtazama Mama.

"Si haki," akanong'ona. "Si haki hata kidogo." Lakini safari hii hakuwa anasema na jua.

Akakitoa.
"Mama. Hiki hapa."

Chomo, vuta. Chomo, vuta. Pazia likapanda tena, likafika chini kabisa.

Alasiri iliyofuata, jua likaja. Likagusa pazia. Na chumba kizima kikageuka!

Ukuta ukawa mwekundu. Dari ikawa kijani. Samaki wa bluu wakaogelea begani kwa Mama.

Fundi Haji alikuwa amekuja kuliona pazia. Yeye, aliyeshona miaka arubaini, akavua kofia.
"Kumbe!" akanong'ona. "Na ile mito yangu yote!"

Makame hakulia. Nyota moja ya manjano ilishuka polepole, polepole, ikatua kiganjani mwake.

Akafumba mkono. Akafumbua. Bado ipo!

"Aaa," akasema Makame. Akaitazama na kuitazama. Kope zikawa nzito. Akalala.

Mama naye akalala, kinywa wazi. Khooo... fyuu. Khooo... fyuu.

Tunu akajilaza katikati yao na mwanasesere wake. Mwanasesere hakuwa na gauni jipya. Lakini mwanga mwekundu ulimfunika, kutoka shingoni mpaka miguuni, na nyota zake zote.

"Haya, jua," Tunu akanong'ona. "Leo ni haki."

Na jua likabaki dirishani, kimya, likiwachorea chumba, mpaka wote watatu wakashiba usingizi.