Nta ya Rungwa Haitupwi

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Bonaventura hakushangaa. Risasi ambayo rubani Kosta alimkusudia ilikuwa imetoboa tangi la petroli. Sasa ile bastola, Webley kuukuu, alikuwa nayo Bonaventura, na Kosta alikuwa anatoka jasho. Chini yao kilitanda kichaka cha Itigi, kimefungamana hata mbwa hapenyi.

Miaka kumi na miwili anaifanyia serikali ya Mwingereza kazi za siri. Magoti yalimuuma.

Nyuma yao yalipangwa mapande ya nta ya Rungwa, na ndani ya nta mlikuwa na dhahabu iliyoibwa mgodini Iramba, ambayo Kosta alikuwa akiitorosha. Ezekieli, mrina asali asiyejua lolote, alikuwa rumande Singida kwa wizi huo. Kesi ilikuwa kesho. Nta isipofika, maskini anafungwa.

“Tuitupe nta, mzee,” Kosta alisema. “Ndege nzito. Hatufiki Manyoni.”

Alisema hivyo huku akivuta usukani, pua juu, kama afanyavyo kila anayeiogopa ardhi. Ndege ikaanza kutetemeka.

“Shusha pua.”

“Tutaanguka.”

“Ndiyo unaanguka sasa. Bawa limeinuka mno, upepo unaliachia.”

Bonaventura alichomoa uzi kwenye sweta lake, akafungua kidirisha, akaubandika nje kwa donge la nta. Wakati wa vita fundi mmoja wa ndege alimfundisha hivyo. Uzi ukipanda mno, bawa limeinuka kupita kiasi. Ukishuka mno, unatupa kimo bure. Hapo kati ipo pembe moja tu inayokufikisha mbali kuliko zote. Akakwaruza mstari kwenye kioo kwa msumari.

“Uzi ukae hapa. Mzigo uwe mwepesi, uwe mzito, pembe ni hii hii. Ukiwa mzito unakwenda kasi zaidi, basi.”

Kosta alisema hajawahi kufundishwa kuruka na mtu wa sweta lililotoboka. Lakini alishusha pua. Mtetemo ukaisha.

Bonaventura akachukua redio. Koplo Zefania alikuwa akisubiri Manyoni na lori.

“Tunakuja bila injini.”

“Mtafika?”

“Sijui. Lete panga.”

“La nini, mzee?”

“La nta.”

Kichaka kikapita chini, polepole. Kisha reli.

Waligusa ardhi kwenye shamba la mtama lililokwisha vunwa. Gurudumu moja liling’oka. Zefania alifika, akamtia Kosta pingu, akapasua pande la kwanza. Dhahabu ikamwagika miguuni pake.

Akamwamkia mzee shikamoo, akaomba maelezo. Bonaventura akamjibu marahaba, akasema maelezo yatasubiri. Simu ipigwe Singida kwanza. Wakaenda kwa lori hadi stesheni ya Manyoni, na Bonaventura akasimama hapo mpaka aliposikia kwa masikio yake kwamba Ezekieli anafunguliwa.

Ndipo, kama mtu aliyemaliza kazi yake, akavua viatu, akavishika mkononi, akaondoka kando ya reli bila kuuliza treni ni ya saa ngapi.